Mwongozo wa Malta na Msomaji Asiyetarajiwa

Ukitaka kujua kitabu kimeandikiwa nani, tazama mambo ambayo mwandishi wake anaona ni ya ajabu. Miongozo ya watalii wanaokwenda Malta hupenda kutahadharisha kwamba magari ya huko hupita kushoto na kwamba plagi zake ni za pini tatu, kwa hiyo mgeni abebe adapta. Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam atacheka kidogo. Magari yake hupita kushoto vilevile, na plagi ya ukutani kwake ni hiyohiyo, kwa sababu Mwingereza aliyetutawala sisi aliitawala na Malta hadi 1964. Tahadhari hiyo haikuandikwa kwa ajili yetu.

Sisemi kwamba miongozo hiyo ni mibaya. Inafanya kazi yake. Inakueleza kwamba kivuko cha kutoka Ċirkewwa hadi kisiwa cha Gozo huchukua kama dakika 25. Inakwambia kwamba makaburi ya kale ya Ħal Saflieni, yaliyochongwa chini ya ardhi, hupokea wageni 80 tu kwa siku, hivyo tiketi ikatwe mapema. Nchi nzima ina kilomita za mraba 316, na Unguja peke yake ni kubwa kuliko hapo zaidi ya mara nne. Kwa hiyo mpango wa siku saba unatosha kuizunguka bila haraka. Kasoro iko kwingine: katika kurasa zote hizo, msomaji huchukuliwa kuwa ameshafika. Suala la kuruhusiwa kuingia hupewa sentensi mbili.

Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania huanza kupanga safari kwa kusoma maandishi mengine kabisa. Malta iliingia Umoja wa Ulaya mwaka 2004, na mwishoni mwa 2007 ikaingia katika eneo la Schengen. Viza ya muda mfupi ya mtu mzima ni euro 90, na fedha hiyo hairudishwi ukinyimwa. Inatakiwa bima isiyopungua euro 30,000, ushahidi wa malazi, taarifa ya benki, na sababu za kumshawishi ofisa kwamba utarudi kwenu.

Fomu hiyo inafaa kusomwa kama tunavyosoma fasihi, maana ina kanuni kama utanzu wowote. Mwombaji anatakiwa atunge hadithi ya safari ambayo bado haijatokea, ikiwa na tarehe, hoteli na fedha za kutumia. Mhusika mkuu lazima aipende Malta kiasi cha kuilipia, lakini asiipende kiasi cha kutaka kubaki. Mwisho wa hadithi umeshaamuliwa: anapanda ndege, anarudi. Mwongozo kazi yake ni kumtia msomaji hamu. Fomu inamtaka athibitishe kwamba hamu hiyo ni ndogo. Mtalii wa Ujerumani husoma maandishi ya kwanza tu. Sisi tunasoma yote mawili, na ya pili ndiyo yanayoamua kama ya kwanza yalikuwa na maana yoyote.

Jambo hili lingekuwa malalamiko tu ya watu wa foleni za viza kama historia ya Malta yenyewe isingekuwa historia ya wageni waliofika bila kualikwa. Aliye mashuhuri kuliko wote ni Mtume Paulo. Kwa mujibu wa Matendo ya Mitume, alikuwa mfungwa chini ya ulinzi, katika chombo chenye watu 276 kilichovunjika ufukweni. Wenyeji waliwawashia moto kwa sababu ya mvua na baridi, na wageni wale wakakaa miezi mitatu, karibu sawa na siku 90 ambazo ndizo ukomo wa viza ya Schengen. Kila tarehe 10 Februari Malta hupumzika kazi kuadhimisha kuvunjika kwa chombo hicho. Miongozo humhimiza msomaji asikose maandamano ya siku hiyo mjini Valletta. Lakini katika bahari hiyohiyo leo hupita boti zinazotoka Libya zikiwa na Waafrika, na mashirika ya haki za binadamu yameilaumu Malta mara nyingi kwa kuchelewa kuwaokoa. Mwongozo unaotaja sikukuu bila kutaja boti umeisoma nusu ya kisa.

Vivyo hivyo kwa Caravaggio. Alifika mwaka 1607 akiwa mkimbizi aliyeua mtu Roma, na picha yake ya kukatwa kichwa kwa Yohane Mbatizaji inaning'inia hadi leo katika kanisa kuu la Mtakatifu Yohane. Mkimbizi huyo hupewa kurasa nzima. Watumwa Waislamu waliotekwa baharini, wakavuta makasia ya askari watawa walioitawala Malta tangu 1530 hadi Napoleon alipowaondoa 1798, hupata mistari michache wakibahatika. Zanzibar, mtalii hupelekwa Mkunazini akaonyeshwa palipokuwa na soko la watumwa. Valletta huonyeshwa kuta na kuambiwa ni nzuri.

Mwongozo ulioandikwa kwa ajili yetu ungeweza kuanza na lugha. Kimalta kilitokana na Kiarabu, na huandikwa kwa herufi za Kilatini. Kitabu ni ktieb, dunia ni dinja, sita ni sitta. Sisi maneno hayo tuliyaazima, wao wamezaliwa nayo, lakini masikio yanayafahamu. Wamalta walio wengi ni Wakatoliki, na Mungu wanamwita Alla. Kwaresima kwao ni Randan, neno lililotokana na Ramadhani, na Pasaka ni Għid, yaani Idi. Mswahili wa Mombasa angeelewa hapo, kabla ya kuona kanisa hata moja, jambo ambalo mtalii wa Ulaya huhitaji sura nzima kuelezwa.

Waandishi wetu wa safari wanaongezeka, na wengi bado wanaazima muundo wa miongozo hiyo: mambo kumi ya kufanya, sehemu tano za kula. Waache. Waandike gharama ya viza kabla ya bei ya hoteli, na waandike ilichukua siku ngapi kujibiwa. Waende Februari, kukiwa na baridi na mvua kama ile ya Paulo, wasimame kwenye maandamano, kisha waulize chombo kilichofika juzi kilipokelewa vipi.