Satelite ya sentimita 10 na shamba la mama ku Kapata

Bandugu, kila mara Waafrika wanatuma kasatelite kadogo juu, tunaandika hapa: «Sasa mukulima atasaidiwa!» Mi ni agronome, na hiyo sentensi inanisumbua.

Tuchukue ile ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF. Chuo Kikuu cha Nairobi kiliitengeneza pamoja na La Sapienza ya Roma. Iko sentimita 10 tu kila upande. Tarehe 11 Mei 2018 ilitolewa ku Kibo, chumba cha Wajapani mu kituo cha anga cha kimataifa. Kazi yake ilikuwa kujaribu: vyombo vya bei ndogo vitavumilia kule? Hiyo kazi naiheshimu. Wahandisi walijifunza kwa mikono yao. Ile ilikuwa shule.

Lakini mu 2023 Taifa-1 ilipopanda, ilitangazwa kama musaada wa kilimo na chakula. Hapo ndipo nakataa. Picha za mashamba ziko tayari, tena bure: Sentinel-2 ya Wazungu inapita kila siku 5 na inaona mita 10. Kapata iko ndani.

Nilizifungua juu ya shamba la mama, mita 20 kwa 30. Shamba muzima ni vialama sita tu! Tena mahindi inakomea wakati wa mvua, na mvua ni mawingu: picha nyingi zilikuwa nyeupe. Moja tu ilikuwa safi, ikaonyesha kijani kinapunguka. Mama akaniambia: «Mwanangu, hiyo si niliona tangu juma ya kwanza?»

Alikuwa na haki. Yeye alitaka kujua sababu: ni azote inakosa, ao udongo umekuwa na asidi? Picha haikujibu. Kupima udongo kulipita bei ya mahindi tuliyotazamia kuvuna. Tukabahatisha mbolea, tukapoteza.

Basi, tusifu kasatelite kwa kile kinachofanya: kufundisha wahandisi. Tusikapatie kazi ya agronome. Na ule moyo wa kutengeneza kitu kidogo cha bei ndogo, sisi wa udongo tuushushe chini: kipimo cha asidi ambacho mama wa Kapata anaweza kulipa.

Nani kati yetu iko na pH-mètre inayotumika? Aandike hapa chini, tupange siku.