Nane kati ya kumi: tatizo la uchambuzi wa farasi wa Cheltenham

Kila mwezi wa Machi, kabla ya tamasha la mbio za farasi la Cheltenham kule Uingereza, mtandaoni hujaa uchambuzi wa mtindo mmoja. Nane kati ya washindi kumi waliopita walishinda mbio yao ya mwisho. Nane kati ya kumi walikuwa na umri huu, nane walitoka nchi ile. Unachuja, unachuja, farasi ishirini wanabaki watatu, halafu unaambiwa mshindi yumo humo.

Makala moja ya namna hiyo niliiletewa na kijana wa mwaka wa pili hapa hosteli. "Shikamoo dada. Wewe si mtu wa takwimu? Hebu niangalizie hii kabla sijaweka." Alichotaka kuweka ni kodi yake ya chumba. Basi nikaisoma, tena mara tatu.

Tuelewane kwanza. Mbio zenyewe ni za viunzi vyenye kimo cha kama mita moja, na ni za wanagenzi, yaani, kwa kifupi, farasi ambao hawakuwa wameshinda mbio ya viunzi kabla msimu haujaanza. Supreme Novices' Hurdle, inayofungua tamasha siku ya Jumanne, ni kama kilomita 3.3. Albert Bartlett, ya Ijumaa, inakaribia kilomita 4.8. Zote zinamalizikia kwenye mlima, na mlima wa Cheltenham hauna huruma. Mwanagenzi anafika pale akiwa na mbio tatu au nne za viunzi tu mgongoni. Kwa hiyo taarifa ni chache, na mahali penye taarifa chache ndipo watu hupenda kuzijaza kwa historia ya farasi wengine.

Shida ya kwanza ya makala ile ni kwamba inahesabu washindi peke yao. Tuseme kweli wanane kati ya kumi walikuwa wameshinda mbio yao ya mwisho. Je, walioshindwa? Kama kwenye kundi la farasi ishirini kumi na sita nao walishinda mbio yao ya mwisho, kigezo chako hakijakuambia kitu: asilimia 80 huku, asilimia 80 kule. Na Cheltenham hilo si ajabu, maana hakuna anayempakia mwanagenzi asiye na matumaini akamsafirishe hadi kwenye tamasha kubwa namna hiyo. Kwenye makala nzima sikuona mahali popote panapotaja walioshindwa.

Shida ya pili ndiyo inayoniuma zaidi. Chukua sarafu, irushe mara kumi. Uwezekano wa kupata upande mmoja, wowote ule, mara nane au zaidi ni kama asilimia 11. Kidogo, eti? Sasa chukua sarafu ishirini, kila moja irushwe mara kumi. Uwezekano kwamba angalau moja itakupa "nane kati ya kumi" unapanda hadi kama asilimia 90. Mchambuzi akijaribu vigezo ishirini (umri, nchi, mkufunzi, mwezi wa mbio ya mwisho, hadi rangi akitaka) atapata vya kutuonyesha tu, hata kama farasi wote ni sarafu. Sisi tunaonyeshwa vile vilivyong'aa. Vilivyotupwa hatuvioni.

Najua kwa sababu nilishafanya hivyo. Kwenye rasimu ya tasnifu yangu ya uzamili nilikuwa na misimu tisa ya mavuno ya mahindi na rundo la vigezo vya mvua. Nikapeleka jedwali safi lenye viwili "vinavyoeleza mavuno". Msimamizi wangu akaliangalia, akauliza swali moja tu: "Kabla ya hivi viwili, ulijaribu vingapi?" Nilikuwa nimejaribu ishirini na sita. Sura ile niliiandika upya yote, na bado nikikumbuka uso unanichoma.

Halafu kuna hesabu ya kuchuja. Hata tukikubali kwamba kila kigezo ni cha kweli na kinapitisha asilimia 80 ya washindi, na kwamba vigezo havitegemeani, ukipanga vitano mfululizo unabaki na 0.8 mara tano: asilimia 33. Yaani mara mbili kati ya tatu mshindi wa kweli umeshamtupa nje mwenyewe. Mwaka 2019 Albert Bartlett ilishindwa na Minella Indo, akipandwa na Rachael Blackmore, kwa odi ya 50 kwa 1. Alikuwa hajashinda hata mbio moja ya viunzi. Chujio gani lingempitisha? Miaka miwili baadaye akabeba Gold Cup, kwa hiyo hakuwa wa kubahatisha. Mwaka mmoja kabla yake, 2018, alishinda Kilbricken Storm wa 33 kwa 1. Wanagenzi wengi hawajawahi kukimbia umbali huo kwa kasi ya namna hiyo, na kilomita 3.3 hazikuambii mapafu yatafanya nini kwenye ile ya tano.

Sisemi hakuna kinachopimika. Mwaka 2022 Constitution Hill alishinda Supreme kwa tofauti ya urefu wa farasi 22, na muda wake ulikuwa mfupi kuliko wa Honeysuckle, aliyeshinda Champion Hurdle ya wakongwe siku hiyohiyo, njia ileile, umbali uleule. Huo ni ulinganisho wenye maana: ardhi moja, mlima mmoja, saa chache katikati. Bado lazima uulize nani aliongoza na kwa kasi gani, maana mbio ikianza polepole saa inadanganya. Lakini angalau umempima farasi mwenyewe. Mwaka uliofuata Champion Hurdle aliichukua yeye.

Makala niliyoletewa haikuwa na muda hata wa mbio moja. Nilimwambia kijana hivyo, nikamchorea na zile sarafu nyuma ya karatasi. Akatulia kidogo. Kisha akafungua mkeka wake wa mpira wa Jumamosi, akaniuliza kama na hapa "haijafungwa nyumbani mechi nane kati ya kumi" ni sarafu.

Nikamuuliza mpinzani wake naye akicheza ugenini hufungwa mara ngapi. Hakuwa ameangalia.