Sura ya Mwigizaji katika Sanaa ya Pop

Msanii amchorapo mwigizaji wa filamu, humchora nani hasa? Je, humchora mtu mwenyewe, mhusika aliyeigizwa, au ile sura iliyotengenezwa ili kuuza tikiti za sinema? Swali hili limo katika picha mbili za miaka ya sitini, zote zikimhusu mwigizaji wa Marekani, Marilyn Monroe.

Ya kwanza ni Marilyn Diptych ya Mmarekani Andy Warhol. Aliifanya mwaka 1962, baada ya Monroe kufariki mwezi Agosti mwaka huo. Warhol hakumkalisha mwigizaji mbele yake amchore. Alichukua picha ya kutangazia filamu Niagara ya mwaka 1953, akaichapa kwenye turubai kwa kusukuma wino upenye katika wavu wa hariri. Sura ile ile imerudiwa mara 50: kushoto 25 za rangi kali, kulia 25 za wino mweusi. Kati ya hizo nyeusi, baadhi zimelemewa na wino hata zikavurugika, na nyingine zafifia karibu kutoweka.

Wako wasemao kwamba huu si ufundi, maana msanii amerudia tu picha ya mtu mwingine. Hoja hiyo haitoshi. Kurudia huko ndiko kunakobeba maana. Biashara ya filamu ilikuwa imeieneza sura ya Monroe kama bidhaa yoyote ya dukani; Warhol aliidhihirisha biashara hiyo, kisha akatuonyesha rangi zikiisha na mwenye sura akipotea. Wahenga walinena: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini ndani ya mkakasi huu alikuwamo mtu, tena mtu mwenye kazi yake.

Kazi hiyo ndiyo isiyoonekana kwa Warhol. Monroe alikuwa mwigizaji: alitembea, alinena, alichekesha. Katika nyuso zote 50 hakuna hata mmoja utendao jambo.

Upungufu huo wajitokeza wazi tukiitazama picha ya Pauline Boty wa Uingereza, The Only Blonde in the World, ya mwaka 1963. Boty alimchora Monroe wa Some Like It Hot, filamu ya kuchekesha ya mwaka 1959. Humo twamwona akiwa katika mwendo, kana kwamba apita katika ufa baina ya mapande mapana ya rangi ya kijani. Tukipepesa macho, atakuwa amekwisha pita. Boty, aliyefariki mwaka 1966 akiwa na umri wa miaka 28, alikuwa pia mwigizaji wa jukwaani na katika televisheni. Yamkini ndiyo sababu alimtazama Monroe kama mwenzake wa kazi.

Kwa maoni yangu, Warhol ametufunza zaidi juu ya soko, na Boty ametufunza zaidi juu ya utu. Mwalimu azilinganishe picha hizi mbili mbele ya wanafunzi wake. Na kijana abandikaye ukutani picha ya mwigizaji ampendaye hana budi kujiuliza: katika picha hii, huyu mtu anafanya nini? Akikosa jibu, ajue kwamba alichokibandika ni tangazo.