Akompa ya Simaro, solo ya Franco

Ukiingia kwenye mazoezi ya kikundi chochote cha muziki hapa Katoyi, mjini Goma, iwe korale ya kanisa au vijana wa rumba, utakuta gita la solo lina wagombea watatu na akompa, gita la kusindikiza, haina mwenyewe. Anayepewa akompa hupokea kwa unyonge, kana kwamba ameambiwa akae benchi. Nimekuwa nikilitafakari jambo hili kwa sababu mtunzi ninayemheshimu kuliko wote katika rumba ya Kongo, Lutumba Simaro, alikaa kwenye akompa tangu alipoingia OK Jazz, bendi ya mpiga gita Franco, mwaka 1961 hadi Franco alipofariki tarehe 12 Oktoba 1989. Hiyo ni miaka 28. Mtu aliyeitwa Mshairi na nchi nzima, mwenye nyimbo ambazo baba zetu wanazijua kwa moyo, hakushika maikrofoni na hakushika solo. Alishika lile gita ambalo vijana wetu wanalikwepa.

Safu hii inauliza alifanyaje. Nyimbo za Simaro zilipigwaje hata gita la Franco likasikika kama limezaliwa pamoja na maneno, ilhali maneno ni ya mtu mmoja na vidole ni vya mwingine?

Ushirika wa namna hiyo ulikuwa na wazee wake. Mwaka 1948, kwenye lebo ya Ngoma, Wendo Kolosoy na Henri Bowane walirekodi Marie-Louise: Wendo sauti, Bowane gita. Bowane hakuridhika kumfuata mwimbaji nyuma nyuma. Aliacha gita liseme peke yake kwa kurudia kipande kifupi hadi mchezaji ashindwe kukaa, na wengi humtaja pale wanapotafuta sebene, sehemu ya wimbo inayoachiwa magita, ilikoanzia. Bowane huyo huyo ndiye aliyemwona kijana François Luambo pale Loningisa, studio ya Wagiriki mjini Léopoldville, na kumbandika jina la Franco. Upande wa bendi ya African Jazz kulikuwa na undugu wa damu kabisa: Docteur Nico kwenye solo na kaka yake Dechaud kwenye akompa. Wote wawili walikuwa Brussels mwaka 1960 wakati Indépendance Cha Cha inarekodiwa. Nani anamkumbuka Dechaud leo? Lakini muondoe Dechaud, umwache Nico apige noti zake moja moja zenye machozi bila ile sakafu chini yake, utaona zinavyoelea hewani bila pa kutua.

Franco alikuwa mpigaji wa aina nyingine. Nico alikuwa fundi wa noti moja moja, laini, zinazofuatana kama usemi. Franco alivuta nyuzi mbili kwa pamoja, gumba na kidole cha shahada, kwa nguvu ya mtu aliyejifunza gita sokoni Ngiri-Ngiri, mbele ya meza ya mama yake aliyekuwa akiuza vitumbua, ambako lazima upige kwa sauti ili wateja wageuke. Chukua gita lako ufanye hivi. Weka kidole kwenye uzi wa tatu, nafasi ya tisa: hiyo ni mi. Weka kingine kwenye uzi wa kwanza, nafasi ya nane: hiyo ni do ya juu. Uzi wa pili usiuguse kabisa. Gumba livute uzi wa tatu, shahada ivute wa kwanza, kwa mpigo mmoja. Sasa panda: nafasi ya kumi kwenye nyuzi zote mbili, unapata fa na re. Panda tena hadi ya kumi na mbili, unapata sol na mi. Umepiga hatua tatu tu na tayari umesikia Kongo. Noti hizo mbili zina umbali wa noti sita kati yao, na uwazi ulio katikati, ule uzi wa pili ulionyamaza, ndio unaolipa gita sauti ya watu wawili wanaoitikiana.

Uwazi huo lazima mtu aujaze, na hapa ndipo akompa inapoingia. Solo ya nyuzi mbili ikipandishwa juu kwenye shingo ya gita inaacha nafasi kubwa chini yake, kati yake na besi. Akompa ya rumba haikwaruzi nyuzi zote kwa pamoja kama gita la kambi ya skauti. Inazidondoa moja moja, do, mi, sol, mi, bila kukoma, ikigawa kila pigo katika vipande viwili vilivyo sawa, na inabadilisha kodi pale tu maneno yanapogeuka. Baadhi ya wapigaji wa Kongo walikwenda mbali zaidi: wanatoa uzi wa nne, ule wa re, wanaweka mwembamba mfano wa uzi wa kwanza na kuupandisha oktavi moja juu. Wanauita mtindo huo mi-composé. Gita linakuwa na mlio mwepesi usiogombana na besi. Kisha OK Jazz ikaongeza gita la tatu, mi-solo, linalosimama kati ya akompa na solo na kurudia kipande kimoja kifupi muda wote. Magita matatu, kila moja na ghorofa yake, na hakuna anayemkanyaga mwenzake.

Katika jengo hilo mtunzi alijichagulia ghorofa ya chini, na naamini hili ndilo lililofanya nyimbo za Simaro ziwe zilivyo. Mshika akompa ndiye anayeamua kodi inageuka lini. Akitaka mstari urefuke kwa sababu neno la mwisho linauma, anakaa kwenye kodi ile ile pigo mbili zaidi, na bendi nzima inalazimika kusubiri naye. Akitaka kuharakisha, anageuka mapema. Mwimbaji anadhani anaongoza, mpiga solo anadhani anajibu, lakini pumzi ya wimbo iko mikononi mwa aliyeyaandika maneno. Simaro hakuhitaji kuimba ili maneno yake yaheshimiwe. Alikuwa amekwisha kuyawekea muda wake.

Ndiyo maana aliweza kugawa sauti bila wasiwasi. Sam Mangwana alipoingia OK Jazz mwaka 1972 akitokea kwenye bendi ya Tabu Ley, Simaro alimkabidhi Mabele, wimbo mzito kuhusu udongo tutakaourudia sote. Ulitoka mwaka 1974 na mpaka leo ukiwekwa kwenye kilio au kwenye baa, watu hunyamaza kwanza. Mwaka 1984 alimpa Carlyto wimbo wa Maya. Mwaka 1986 alimpa Malage de Lugendo Testament ya Bowule. Waimbaji watatu, koo tatu tofauti kabisa, na bado ukisikia mistari miwili ya mwanzo unajua mkono ulioiandika. Mtunzi anayeimba mwenyewe hufungwa na koo lake: noti asiyoifikia haiandiki. Simaro aliandika kwa koo la mtu aliye mbele yake, kama fundi nguo anavyokata kitambaa baada ya kumpima mteja.

Kuna chombo kimoja ambacho wachambuzi hukisahau, nacho ni sahani yenyewe. Katika miaka ya 1960 na 1970 nyimbo zilitoka kwenye sahani ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, na uso mmoja ulibeba dakika nne au tano hivi. Wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza uso wa A, sehemu ya pili uso wa B. Mara nyingi uso wa A ulikuwa wa hadithi: sauti, mashairi, tarumbeta zikijibu kwa adabu. Unageuza sahani, na uso wa B unaingia kwenye sebene, magita yanachukua nyumba. Kwa maneno mengine, kiwanda chenyewe kiliwapa mtunzi na mpiga gita kila mmoja uso wake. Wengi waliziacha sehemu hizo mbili ziwe nyimbo mbili zilizobandikwa mgongo kwa mgongo. Dawa ya kuziunganisha ilikuwa akompa. Mkono wa kulia uliokuwa ukidondoa nyuzi chini ya mashairi unaendelea kudondoa chini ya sebene. Kodi zinapungua, zinabaki do, fa na sol zikizunguka, lakini mkono ni ule ule. Msikilizaji akigeuza sahani anakuta mtunzi bado yumo ndani.

Franco naye aliuheshimu ushirika huo kwa namna yake. Alikuwa mwenye bendi, alikuwa mtunzi mkubwa mwenye ulimi mkali wa mtaani, na hakuna aliyeweza kumzuia kujaza kila mwanya kwa gita. Lakini sikiliza anavyopiga chini ya sauti katika nyimbo za taratibu za OK Jazz. Anangoja mwimbaji amalize mstari, anaweka nyuzi mbili, labda noti nne kwa jumla, na kunyamaza. Nguvu yote anaitunza kwa ajili ya sebene. Mpiga gita mwenye jina kubwa kuliko mtunzi akikubali kuwa mwitikiaji kwa nusu ya wimbo, hapo pana heshima ya kweli kati ya watu wawili, na inasikika bila kuelezwa.

Wanaopenda roki watamkumbuka David Bowie na mpiga gita wake Mick Ronson, waliofanya kazi pamoja kati ya 1970 na 1973. Bowie alileta nyimbo. Ronson alileta gita lenye mngurumo, na hata vinanda vya nyuzi kwenye Life on Mars? ni yeye aliyevipanga. Ushirika ule ulizaa muziki mkubwa, lakini mtunzi ndiye aliyesimama mbele kwenye taa, na alipoamua kubadilisha njia ndoa ikavunjika baada ya miaka michache. Simaro na Franco walipanga kinyume: mwenye gita mbele, mwenye maneno nyuma, na wakadumu karibu miongo mitatu.

Ushirika wao haukuwa pepo. Katika miaka ya 1980 Franco alihamishia sehemu kubwa ya kazi zake Ulaya, bendi ikawa na mguu mmoja Brussels na mwingine Kinshasa, na Simaro akabaki akilisimamia kundi la nyumbani. Maya ilizaliwa katika kipindi hicho cha umbali. Ni wimbo mzuri mno, na unathibitisha kwamba mtunzi aliweza kusimama bila bosi wake. Huku Franco, katika Mario ya mwaka 1985, alikuwa ameshika njia nyingine kabisa: kipande kimoja cha gita kinachozunguka kwa zaidi ya dakika kumi, naye na Madilu System wakizungumza juu yake. Kila mmoja alikuwa anakamilisha alichojifunza kwa mwenzake. Franco alikuwa amegundua kwamba marudio ya chini yanaweza kubeba hadithi nzima. Hilo ni somo la akompa. Franco alipokufa, Simaro aliiongoza bendi kwa miaka kadhaa, kisha akaunda Bana OK, na akafariki mwezi Machi 2019.

Sasa nirudi kwa vijana wetu wa komini ya Karisimbi, kwa sababu ndio ninaowaandikia. Njia ya kawaida ya kurekodi hapa Goma leo ni hii: mtunzi anafika studio na maneno kwenye simu, fundi wa kompyuta anamtafutia biti iliyokwisha kupangwa, sauti inarekodiwa, na siku nyingine mpiga gita anaitwa aje kutia solo. Anakuta wimbo umefungwa. Kodi zinageuka kila baada ya pigo nane, iwe neno linauma au haliumi. Sebene imetengewa sekunde kadhaa, hazizidi. Anapiga vizuri, kwa maana vidole vya watoto wa Katoyi si vya kubezwa, lakini anapiga juu ya kitu ambacho hakiwezi kumjibu. Halafu tunashangaa kwa nini gita linasikika kama limebandikwa.

Sisemi tuache kompyuta. Umeme wa hapa hautabiriki, vyombo ni ghali, na studio ndogo yenye kompyuta moja imewapa sauti watu ambao wasingesikika kamwe. Ninachoomba ni mpangilio tu wa kazi ubadilike. Mtunzi ajifunze akompa, hata kodi tatu, hata kwa gita la kuazima la kanisani. Aingie studio na gita hilo, arekodi akompa na sauti ya mfano kwa wakati mmoja, bila biti, akikaa kwenye kodi kadiri neno linavyomtaka. Mpiga solo awepo siku hiyo hiyo, ajibu pale pale, kwenye chumba kimoja, wakitazamana mikono. Ngoma na besi za kompyuta zije baadaye, zifuate pumzi ya wale wawili. Fundi atalalamika kwamba mapigo hayalingani na gridi yake, na itabidi ayapange kwa mkono. Urefu wa sebene usiandikwe popote kabla haijapigwa. Na jina la mshika akompa liandikwe kwenye maelezo ya wimbo, kabla ya la mpiga solo.