Kingelez: muji muzuri, lakini wamama wauze wapi?

Wandugu, kila mara jina la Bodys Isek Kingelez linatajwa, nasikia neno moja: ndoto. Eti alikuwa muotaji. Neno hilo ni dogo sana kwake. Mimi maketi zake nazisoma kama mashitaka.

Kingelez alizaliwa Kimbembele Ihunga mwaka 1948, akafika Kinshasa mwaka 1970, akafundisha shule. Kujenga nyumba hakusomea popote. Alichukua katoni, makaratasi ya rangi, pakiti na vikopo vyenye sisi tunatupa, akakata, akabandika na kole. Inasimuliwa kama alipopeleka kazi yake ku mize ya taifa, wakubwa walizani ameiiba. Walipoona anaweza kutengeneza ingine, njo wakamupa kazi ya kurekebisha vitu vya kale.

Mwaka 1991, mwaka wenye askari walipora Kinshasa, yeye alitengeneza maketi ya hospitali ya wagonjwa wa SIDA, yenye rangi na fahari kama jumba la mufalme. Mwaka 1994 alichukua kijiji chake akakigeuza muji, na stade, na benki, na magorofa. Mutu wa kole na katoni anaonyesha serikali vitu vyenye ilipaswa kujenga na simenti. Kama hayo si mashitaka, ni nini?

Lakini niko na ugomvi naye. Tuangalie Ville Fantôme ya mwaka 1996, karibu metre 6 kwa urefu. Alisema muji huo hauhitaji polisi wala askari. Vizuri. Ila barabara zake ni safi mno. Sioni mama mwenye kuuza mikate, sioni wewa na pikipiki yake, sioni parsele yenye familia ine zinatumia robine moja. Muji wenye kupendeza kwa sababu sisi hatumo, tunaujua tayari: mugeni mukubwa akitaka kupita, meza za wamama njo zinavunjwa kwanza. Hapo Kingelez na wakubwa wetu wanaangalia kwa jicho moja, na hiyo inaniuma.

Alikufa mwaka 2015. Mwaka 2018 jumba la MoMA, New York, lilimufanyia maonyesho makubwa. Wengi wetu kazi yake tunaiona ku telefone tu, juu sehemu kubwa iko Ulaya na Marekani.

Sasa, sisi wenye diplome, tumuheshimu vipi? Kusema «ni fahari ya Congo» haitoshi. Wenye kusomea ujenzi, sheria, uchumi, muchukue maketi yake moja, muulize swali lenye aliliacha: meza ya yule mama itawekwa wapi, maji yatapita wapi, nani atalipa? Mukishindwa kujibu, musimuite muotaji. Yeye angalau alimaliza kazi yake.