Fundi na Daftari la Madeni

Siku mbili za kwanza kijana hakufungua kompyuta yake. Aliketi juu ya kreti ya soda ndani ya duka la shangazi yangu, Kawangware, hatua chache kutoka steji ya 46, akawa anatazama watu wakinunua. Shangazi alimwona mvivu aliyekwisha kulipwa nusu ya hela. Mimi ndiye niliyemleta, kwa hiyo aibu ilikuwa yangu.

Siku ya tatu aliomba daftari la madeni. Ni lile la kurasa 200, jalada limefunikwa kwa gazeti, kalamu imefungwa kwa uzi ili wateja wasiondoke nayo. Alilisoma kwa kidole, mstari baada ya mstari. Mama Brayo. Geti ya kijani. Fundi viatu. Yule wa pikipiki nyekundu. Jina la kitambulisho halikuwemo hata moja. Kando ya majina kulikuwa na alama: vema kwa aliyelipa, mstari kwa aliyelipa nusu, na mahali pachache, msalaba ndani ya duara.

"Mama, huu msalaba wenye duara ni wa nini?"

"Huyo alilipa, baba. Lakini alinisumbua. Asipewe tena mpaka nimsamehe."

Kijana aliliandika hilo kwenye karatasi yake bila kucheka. Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu.

Kuna sababu. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimemwekea shangazi programu ya duka ya kulipiwa kila mwezi, iliyotengenezwa mbali na kusifiwa sana. Ilitaka baruapepe ya kila mteja. Ilitaka msimbopau wa kila bidhaa. Sasa unga wa kupimwa kwa gorogoro una msimbopau gani? Tulipojaribu kuandika robo kilo ya sukari, ilisema idadi lazima iwe nzima. Haikupita wiki ya tatu, simu ile ikarudia kazi yake ya kupigia watu na daftari likarudi kwenye msumari wake. Sisemi programu za namna hiyo ni mbaya. Nguo ya mtumba kutoka soko la Toi huweza kuwa na kitambaa kizuri kuliko ya dukani, ila ilikatiwa mwili wa mtu mwingine. Ikikukaa, shukuru na uvae. Mwenye duka la simu katikati ya jiji, anayeuza vitu vyenye kasha na namba, hana haja ya kushonesha. Mwili wa duka la shangazi ulikuwa na mabega yake.

Kazi ya kijana huyu ni kushona programu za mtandaoni, zile zinazofunguka ndani ya kivinjari cha simu yoyote bila kupakua chochote, kwa kipimo cha biashara moja. Nilikuwa nikidhani ufundi wenyewe uko kwenye kuandika msimbo. Upo, ila nusu yake niliiona kwenye ile kreti.

Chukua mafuta ya kupima. Shangazi hununua mtungi wa lita 20 na kuyauza kidogo kidogo, ya shilingi ishirini, ya shilingi thelathini, kwa mtu anayetaka kukaanga sukuma ya jioni hiyo tu. Faida inajificha kati ya mtungi na kikombe. Programu ya kwanza ingehesabu mtungi mmoja umeingia, mtungi mmoja umetoka, basi. Kijana alitengeneza bidhaa yenye sura mbili, ya jumla na ya rejareja, na katikati yake akaweka mstari mmoja alioupa jina "kupungua". Hakuna aliyemwomba. Alikuwa ameona, akiwa ameketi, jinsi kikombe kinavyodondosha kila kinapoinuliwa, na jinsi mkono wa shangazi unavyoongeza kidogo kwa mtoto aliyetumwa. Mwisho wa mwezi mstari ule ulisema jambo ambalo daftari halikuwahi kulisema: mafuta yalikuwa yakimlipa kidogo mno kuliko alivyodhani. Shangazi hakuacha kuongeza. Alibadilisha kikombe.

Kisha pesa. M-Pesa ilianza Machi 2007, na leo hata mnunuzi wa nyanya tatu huweza kulipa kwa simu. Kila malipo huja na msimbo wa herufi na tarakimu kumi, na ukiitazama misimbo hiyo kwa muda utaona ina utaratibu: ile ya 2023 ilianza kwa R, ya 2024 kwa S. Tangu 2017 Safaricom, kampuni yenye M-Pesa, imewafungulia waandishi wa programu mlango unaoitwa Daraja, ambapo malipo yakiingia, taarifa yake huweza kutumwa moja kwa moja kwenye seva ya duka. Kwenye karatasi ni rahisi. Lakini taarifa huweza kufika mara mbili, au mtandao ukayumba isifike kwa wakati, na namba ile ile ya simu ikaandikwa kwa 07 hapa, kwa 254 pale, bila kusahau zile mpya za 01. Fundi asiye makini humwandikia mteja kwamba amelipa mara mbili, na mteja, ninavyomjua, hatasema kitu.

Kijana aliufanya ule msimbo wa M-Pesa kuwa kitambulisho cha malipo: ukija mara ya pili, programu inautambua na kunyamaza. Namba zote huzigeuza kwanza ziwe za sura moja. Ila tatizo gumu halikuwa la mashine. Anayetuma pesa mara nyingi siye anayedaiwa. Deni ni la Geti ya kijani, mlipaji ni kaka yake aliye Nakuru. Programu ya mtu mwenye haraka ingekisia. Yake haikisii, huweka malipo hayo pembeni, kwenye kisanduku kilichoandikwa "ya nani hii?", na jioni shangazi huyagawa kwa kidole, kwa sababu yeye anajua kaka ni nani. Kuacha pengo kwa makusudi mahali ambapo binadamu anajua zaidi ni kitu ninachokipenda kuliko vyote katika kazi hii.

Mitaa kama huu wetu imeshapitia ufundi wa jinsi hiyo. Grassroots Economics, shirika la Will Ruddick, lilileta Bangla-Pesa katika mtaa wa Bangladesh, Mombasa, mwaka 2013. Mwaka uliofuata ikaja Gatina-Pesa hapa Kawangware, na 2015 Lindi-Pesa kule Kibera. Zilikuwa karatasi za kubadilishana bidhaa na huduma baina ya wafanyabiashara wadogo waliokubaliana kupokeana, ili siku shilingi zinapoadimika muuza mboga na fundi cherehani wasikae wakitazamana. Baadaye zikahamia kwenye simu kwa jina la Sarafu, hata kwenye zile simu za vibonyezo zisizojua intaneti.

Hapo kuna ufundi ambao watu wachache huusifu. Menyu ya simu, ile unayoifungua kwa nyota na alama ya reli, ina nafasi ya herufi 182 kwa ukurasa. Nyuma yake kuna programu ya mtandaoni kama nyingine yoyote. Wanaotumia huduma ya Africa's Talking, kampuni ya papa hapa Nairobi, hupokea alichobonyeza mteja kikiwa kimeunganishwa kwa nyota, 1*2*50, na jibu lao lazima lianze na neno CON kama mazungumzo yanaendelea au END kama yamekwisha. Mteja akichelewa, kikao hukatika. Duka zima lipite katika tundu hilo, na Kiswahili chetu kina maneno marefu. "Tafadhali weka nambari yako ya siri" ni herufi 35 ukihesabu nafasi; "Weka PIN" ni nane. Adabu ya neno "tafadhali" imekufa hapo, lakini imepatikana nafasi ya kumwonyesha mtu salio lake kabla hajathibitisha, nayo pia ni adabu.

Subira ile ya kijana juu ya kreti, vijana wa Map Kibera walikuwa nayo pia. Mwaka 2009 walizunguka na vifaa vya GPS wakaandika njia, vituo vya maji, shule na zahanati kwenye OpenStreetMap, mahali ambapo ramani zilikuwa karibu tupu. Iliwabidi watembee na kuuliza.

Nirudi dukani. Dirisha la shangazi lina wavu wa chuma, na wateja hupenda kuegemea hapo wakitazama ndani. Kijana aliliona hilo pia. Orodha ya madeni haifunguki mpaka shangazi aweke tarakimu nne, na ikiachwa dakika moja hujifunga. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na kijana anaijua, lakini nilipomuuliza hakuitaja. Alisema Mama Brayo huja na mkwewe.

Stima ikipotea, kama inavyopotea, simu huhifadhi mauzo ndani yake na kuyapeleka mtandao ukirudi. Ukibonyeza kitufe mara mbili kwa kutokuwa na subira, deni huandikwa mara moja. Kurasa hazina picha hata moja, kwa sababu data ya shangazi ni ya kununuliwa kwa siku. Mambo haya hutayaona, kama vile huoni mshono wa ndani wa suruali mpaka ufumuke. Na ule msalaba wenye duara? Upo. Ni kitufe kidogo, na kwenye skrini kimechorwa vile vile, kwa mkono wa shangazi: kijana alikipiga picha daftarini.

Wiki ya sita alileta kitu alichokuwa akikionea fahari, mchoro wa mauzo ya wiki, mistari ya rangi ikipanda na kushuka. Shangazi aliutazama kwa umbali wa mkono.

"Hii milima ni ya nini?"

"Ni mauzo yako, mama. Siku kwa siku."

"Mauzo nayajua, baba. Jumatatu hakuna pesa, Ijumaa ipo. Hapo niwekee wale ambao hawajaonekana."

"Wenye deni?"

"Wote. Mtu akipotea nataka kujua kama ni mgonjwa ama amehamia duka la ng'ambo."

Mchoro ulikuwa umemchukua siku nne. Aliniambia baadaye, tukielekea steji. Pale dukani hakusema. Aliivuta kreti, akafungua kompyuta, akaufuta wote mbele yetu, kisha akainua macho.

"Asiyeonekana ni wa wiki moja, mama, ama mbili?"