Rivolva ya Mtumba: Kagua Silinda Kabla ya Rangi

Kwa miongo mingi polisi wa Marekani walivaa rivolva kiunoni. Katika miaka ya 1980 walianza kuziacha, na mapambano ya Miami ya Aprili 1986, ambamo maofisa wawili wa FBI waliuawa, yakaharakisha kuhamia kwao kwenye bastola za magazini. Rivolva za kazi, nyingi zikiwa Smith & Wesson Model 10, zikamiminika kwenye maduka ya silaha zilizotumika. Mnunuzi anayesimama mbele ya kabati la kioo kwa kawaida huzipita hizo na kuinyooshea kidole ile inayong'aa. Naona anachagua vibaya. Weusi uliochubuka kwenye mdomo wa mtutu na kwenye kingo za silinda ni kazi ya ala ya ngozi: unathibitisha kwamba silaha ilibebwa sana, lakini hausemi lolote kuhusu kiasi ilichofyatuliwa. Askari wengi walibeba bastola kila siku na kuilenga shabaha mara chache kwa mwaka. Kinyume chake, rivolva iliyopakwa weusi upya, yenye maandishi yaliyofifia, kingo zilizolainika na matundu ya skrubu yaliyobonyea, imepita kwenye gurudumu la kung'arishia, na mnunuzi ana haki ya kuuliza ni kitu gani kilikuwa kinaondolewa.

Msingi wa ukaguzi uko kwenye umbile lenyewe la silaha hii. Katika bastola ya magazini, chumba cha risasi ni sehemu ya mtutu, kwa hiyo hakiwezi kukosea mahali pake. Rivolva kwa kawaida ina matundu sita, na kila moja hutenganishwa na mtutu kwa uwazi mwembamba. Kila nyundo inapovutwa, kijino kilicho ndani ya fremu husukuma silinda izunguke, kisha kizuizi hupanda na kuingia kwenye kitobo chake ili tundu lisimame sawasawa na mtutu. Likichelewa kidogo, risasi huingia upande, humenywa, na vipande vya risasi huruka pembeni na kuweza kumjeruhi aliyesimama jirani. Hapo ndipo uzima wa rivolva unapoamuliwa, na hapo ndipo muda wa mnunuzi unapaswa kutumika.

Kipimo chake hakihitaji chombo, ila kinahitaji nidhamu. Silinda ifunguliwe kwanza, matundu yote yaonekane kuwa matupu, na mdomo wa mtutu uelekezwe mahali salama muda wote. Muuzaji akisharidhia, vuta nyundo nyuma polepole kwa dole gumba, huku kidole cha mkono wa pili kikiigusa silinda kwa wepesi kama breki. Kizuizi kinatakiwa kiingie kwenye kitobo kabla nyundo haijashika, au papo hapo inaposhika. Nyundo ikishika huku silinda bado inaweza kusukumwa mbele kidogo ndipo ijifunge, tundu hilo limechelewa. Rudia kwa yote sita, kwa sababu meno ya silinda hayaliki kwa usawa, na tundu moja bovu linatosha kuifanya silaha nzima kuwa mbovu. Halafu, nyundo ikiwa imeshika na kidole kikiwa mbali na kifyatulio, isukume mbele kwa dole gumba kwa nguvu ya wastani. Ikianguka, kuna mtu aliyechezea vyuma vya ndani ili kifyatulio kiwe chepesi, na hapo hakuna cha kujadili bei.

Wapo watakaosema kwamba kila rivolva hucheza kidogo, hivyo kuitikisa silinda ni kujitafutia kasoro. Nusu ya kauli hiyo ni kweli. Ukivuta kifyatulio hadi mwisho na kukishikilia, silinda ya Smith & Wesson nzima hutikisika kidogo sana, na mdomo wa ndani wa mtutu, uliopanuliwa kama faneli, huipokea risasi na kuiweka sawa. Colt za zamani, ikiwemo Python iliyouzwa kuanzia 1955 hadi 2005, zilijengwa kwa fikra nyingine: kijino huendelea kuikandamiza silinda dhidi ya kizuizi, nayo husimama kana kwamba imechomelewa. Katika Python ya enzi hiyo, mtikisiko ambao ungesamehewa kwenye Smith & Wesson ni dalili ya kijino kilicholika, na mafundi wanaoujua vizuri mtambo ule wamebaki wachache. Kwa hiyo jibu si kuacha kutikisa, bali kujua unatikisa bastola ya nani.

Baada ya hapo ndipo vipimo vya uwazi. Fila geji, ileile ya fundi wa magari, ipite kati ya silinda na mtutu, kwanza silinda ikiwa imesukumwa mbele, kisha nyuma. Uwazi wa inchi 0.004 hadi 0.008 hauna tatizo, ukipita 0.010, ni wakati wa kudai punguzo au kuondoka. Tofauti ya vipimo hivyo viwili huonyesha silinda inavyokwenda mbele na nyuma, kasoro ambayo mara nyingi fundi huiondoa kwa washa nyembamba za chuma. Ufa kwenye mdomo wa ndani wa mtutu ni habari nyingine. Smith & Wesson Model 19, inayotumia .357 Magnum kwenye fremu ya wastani, ina mtutu uliokatwa bapa upande wa chini ili kupisha mkono wa silinda, na hapo chuma ni chembamba. Risasi nyepesi na kali za greni 125 ndizo zilizoupasua. Kampuni ilijibu kwa fremu kubwa zaidi ya Model 586 na 686. Mulika tochi hapo chini, ukiwa umepafuta masizi. Ndani ya mtutu, tafuta kivuli cha duara kama pete: ni uvimbe ulioachwa na risasi iliyokwama kisha ikafuatwa na nyingine.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba fundi anaweza kurekebisha yote haya. Anaweza kurekebisha mengi, naam, lakini gharama yake iingie kwenye bei kabla ya pesa kutoka mfukoni, na yapo yasiyorekebishika. Rivolva za Smith & Wesson zilizopelekwa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili zilitoboliwa kwa risasi ya .38 S&W; baadaye wafanyabiashara wakarefusha matundu ili yapokee .38 Special, ambayo ganda lake ni jembamba zaidi. Ganda huvimba au kupasuka, na chuma kilichotolewa hakirudi. Webley Mark VI za .455 nazo zilipunguzwa silinda ili zitumie .45 ACP, risasi yenye shinikizo linalozidi kwa mbali lile ambalo Webley iliundwa kulihimili. Zote mbili huweza kuonekana maridadi kabatini, na hata kufaulu kipimo cha kizuizi. Hivyo soma maandishi ya kwenye mtutu, yalinganishe na risasi inayoingia kwenye tundu, na hakikisha namba ya silaha haijakwanguliwa, maana kumiliki silaha yenye namba iliyofutwa ni kosa la jinai chini ya sheria ya shirikisho ya Marekani.

Muuzaji huenda akakataa nyundo iangushwe kwenye matundu matupu, na katika baadhi ya silaha za zamani ana sababu. Mwambie aweke risasi bandia za mazoezi, au mwombe aishushe nyundo yeye mwenyewe taratibu huku wewe ukitazama. Akikataa hata hilo, mrudishie rivolva yake na uende kabati linalofuata.